Eti tunaharibu soko? Soko la nani?

Tesiti zilinibana na bumu nalo likachelewa, nikawa kimya. Leo nimerudi na nina neno kwa walimu wenzangu wa hapa Mlimani.

Kuna maneno yanazunguka pale kwenye vimbweta kwamba sisi tunaokwenda kila Jumamosi kufundisha wanafunzi wa sekondari bila malipo "tunaharibu soko". Hoja yao ni hii: kuna walimu waliohitimu tangu 2015 na mpaka leo wako mtaani, hawajaajiriwa. Sasa wewe ukienda kufundisha bure, unamwonyesha mwajiri kwamba kazi hii inawezekana bila mshahara. Akishazoea cha bure, tukimaliza chuo tutakula wapi?

Hoja hii siidharau jamani, ina mizizi. Shule za kata zilipoota kama uyoga chini ya MMES, mpango ulioanza 2004, walimu hawakutosha. Wakachukuliwa vijana waliomaliza kidato cha sita, wakapigwa msasa wa muda mfupi tu, wakapelekwa darasani. Mtaani wakabatizwa jina la "voda fasta", kama ile vocha ya simu. Halafu yakaja matokeo ya kidato cha nne ya 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata divisheni ziro, mpaka Serikali ikaunda tume na matokeo yakapangwa upya 2013. Sisemi ni kosa la wale vijana, sababu zilikuwa nyingi. Nasema tu kwamba ukitaka ualimu wa haraka haraka, mtoto ndiye anayelipa.

Kwa hiyo hapo tuko pamoja. Tatizo lenu ni kwamba mnachanganya vitu viwili.

Cha kwanza ni kuziba nafasi ya mwalimu. Kuna shule moja tulipokelewa vizuri sana, soda na maneno matamu. Wiki ya tatu tukakuta ratiba imebandikwa ukutani, na mmoja wetu kapangiwa Hisabati kidato cha pili, mikondo miwili, Jumatatu hadi Ijumaa! Tukakataa, kwa adabu lakini tukakataa. Hicho ni kiti cha mtu anayestahili mshahara, bima na pensheni. Anayekikalia kwa nauli ya daladala huyo kweli anaharibu, na mkimsema nami nitaitikia.

Cha pili ni kukaa na mtoto baada ya mwalimu wake kumaliza kazi. Hiki ndicho tunachofanya, na hakina mshahara popote ambao sisi tumeuiba. Mwalimu mwenye darasa lililofurika hawezi kumfikia kila mmoja kwenye kipindi cha dakika arobaini, hata awe malaika.

Na nyote mnajua mtoto anakwamia wapi. Miaka saba amesoma kwa Kiswahili, siku anavuka mlango wa kidato cha kwanza kila kitu kinageuka Kiingereza. Juzi binti mmoja aliletewa swali la kutafuta LCM ya 12 na 18. Akalikodolea macho hadi nikamwonea huruma. Nikamwambia, mdogo wangu, hiyo ni KDS tu, Kigawe Kidogo cha Shirika. Akacheka, "Kumbe!" Hata dakika haikuisha akaandika 36. Hesabu alikuwa nayo siku zote, alikosa mtu wa kumfungulia mlango. Usanisinuru anaujua tangu shule ya msingi, ila akikutana na jina lake la Kiingereza anadhani ni mada mpya. Halafu tunashangaa kwamba waliofaulu Hisabati kidato cha nne 2023 walikuwa kama robo tu!

Sasa nauliza, hilo soko mnalolilinda ni la nani? Ada ya sekondari kwenye shule za Serikali ilifutwa 2016, lakini tuisheni haikufutwa. Mwenye hela anampeleka mwanawe tuisheni na anaendelea kumpeleka, hakuna tuliyemnyang'anya mteja. Wetu ni wale wa mama muuza maandazi, ambao hata siku moja hawajawahi kuwa kwenye soko lenu. Hawa tukiwaacha, hakuna mwalimu anayepata senti zaidi. Ila kuna mtoto atakayefeli mtihani wa kidato cha pili mwisho wa mwaka na kurudia darasa, na wengine wakishaambiwa warudie ndio imetoka hiyo, shule hawaonekani tena.

Kama tuna madai ya ajira, na tunayo, tuyapeleke kwa mwenye ajira. Tuandike, tuseme kwa sauti, na mimi nitakuwepo. Lakini mtoto wa kidato cha pili si bango la kuandamania. Yeye hakukubali kufeli ili hali yetu ionekane.

Na nyie mnaokuja mara moja na fulana mpya, mkapiga picha na watoto, mkapotea, msijifiche nyuma ya mgongo wangu. Mtoto anayeachwa wiki ya pili anajifunza kwamba watu wa chuo ni wa kupita tu. Bora usingekuja.

Kundi letu lina masharti manne. Hatuingii kwenye ratiba ya shule. Hatupokei hela kwa mwanafunzi wala mzazi. Hatumfanyii mtoto kazi aliyopewa na mwalimu wake. Na ukianza, unakaa mpaka muhula uishe, labda uwe mgonjwa au uwe na UE.

Jumamosi hii tunaondoka saa mbili asubuhi. Tunahitaji mtu wa Fizikia, na mtu wa Kiingereza mwenye subira. Nauli kila mtu na yake, chaki tunachangia. Wa vimbweta nanyi karibuni mje mbishane, ila njooni na hoja, kejeli mziache hukohuko.