Mkanda wa Zarika na somo kwa Arusha

KWA mabondia wa kike wanaochipukia Arusha, chini ya Mlima Meru, historia ya mkanda wa dunia wa WBC, uzito wa super bantam, ni somo la jirani. Mkenya Fatuma Zarika aliutwaa Oktoba 2016 nchini Marekani kwa kumshinda Alicia Ashley kwa pointi. Mwaka 2018 aliutetea jijini Nairobi dhidi ya Yamileth Mercado wa Mexico. Novemba 2019 wawili hao walirudiana Chihuahua, nyumbani kwa Mercado, na mkanda ukaondoka.

Ubingwa unaweza kutwaliwa ugenini, lakini kuutetea nyumbani kunahitaji mwandaaji mwenye fedha. Arusha inao Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Swali ni nani atagharamia pambano.