Simu mpya kwa deni: tuhesabu kwanza

Wiki iliyopita, hapa Butembo, jirani yangu mwalimu aliniomba nimsindikize dukani. Simu yake ilipasuka kioo, na batri haifiki tena saa sita ya mchana. Muuzaji akamuonyesha Tecno mpya, kamera tatu nyuma, inang'aa. Bei: dola 130 ukilipa zote mara moja, ao dola 40 leo na dola 16 kila mwezi kwa miezi tisa. Mwalimu akatabasamu: «Kumi na sita ni kidogo.»

Tulitoka inje tukahesabu kwenye karatasi. Kumi na sita mara tisa ni 144. Ongeza zile 40, inakuwa 184. Ni dola 54 juu ya bei. Tena karatasi ya duka ilisema kama hujalipa, simu inafungwa kutoka mbali na feza ulizokwisha toa hazirudi.

Mimi sipingi simu. Kwa watu wengi huku kwetu, simu ndiyo benki: feza zinapita kwa M-Pesa ao Airtel Money, na mchuuzi asiyeipokea kwa simu anapoteza wateja. Ninachopinga ni deni la dola kwa mtu anayelipwa franka, tena mshahara wenyewe unachelewa. Franka ikishuka, deni linapanda bila wewe kukopa tena. Mwezi wa tisa ukifika, minerval ya watoto itatoka wapi?

Tunasahau haraka. Mwaka 2020 serikali ilileta RAM, dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G ao 4G, zikikatwa kidogo kidogo kwenye yuniti zetu. Inchi nzima ilipiga kelele mpaka ikaondolewa mwaka 2022. Kwa dola 7 tulikasirika. Kwa dola 54 tunatia sahihi wenyewe, na tunashukuru.

Njia tunayo, mama zetu walituachia: likelemba. Watu kumi, dola 13 kila mwezi, na kila mmoja kwa zamu anashika 130. Hakuna faida ya mtu. Wataniambia wa kumi atangoja miezi kumi. Ni kweli. Wataniambia pia kuna anayeshika wa kwanza kisha anakimbia. Hiyo nayo ni kweli, imenipata mimi mwenyewe, ndiyo sababu nasema likelemba iwe ya watu wanaoonana kila siku: walimu wa shule moja, wauzaji wa mstari mmoja sokoni. Na mwenye simu iliyokufa atangulie.

Na simu gani? Vijana wanagombana kama Tecno inashinda Infinix ao itel. Zote tatu ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, kule China. Ni ugomvi juu ya watoto wa baba mmoja. Tazama batri kwanza, 5000 ao zaidi, kwa sababu umeme hauna saa kwetu. Tazama nafasi ya kuhifadhi: 64 inajazwa haraka na video za WhatsApp, 128 inakupa pumzi. Kamera iwe ya mwisho. Kwa iPhone za okazio zinazotoka Dubai, usitoe feza mbele ya kuiwasha na kuiandikisha kwa jina lako papo hapo dukani. Kama akaunti ya mwenyewe wa zamani ingali ndani, umenunua jiwe. Bonyeza pia *#06#, ulinganishe namba na ile ya kwenye boksi. Muuzaji akikasirika kwa hilo, umekwisha kupata jibu lako.

Mwalimu hakununua siku ile. Alienda kwa fundi, akabadilisha batri kwa dola 8. Kioo kingali kimepasuka. Likelemba ya shule yao inaanza mwisho wa mwezi, na yeye ameomba zamu ya tatu.