Nani Atasema Akijua Ataachwa Peke Yake?



Kila siku twaambiwa tuisaidie Serikali kupiga vita rushwa. Mabango yametundikwa maofisini, na masanduku ya maoni yamewekwa mlangoni. Hayo ni mema. Lakini mwulize mwenzako kwa nini hakumshtaki yule aliyemdai "chai" kabla ya kumpa haki yake. Atakujibu: "Nimwambie nani? Na baadaye watoto wangu watakula nini?" Sisi hatumlaumu.

Twakumbuka habari za marehemu David Munyakei. Alikuwa karani katika Benki Kuu ya Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliona karatasi zilizoonyesha fedha nyingi za umma zikilipwa kampuni ya Goldenberg, ati kwa ajili ya dhahabu na almasi zilizouzwa nchi za nje. Dhahabu yetu ilikuwa kidogo mno, na migodi ya almasi hatuna. Karani huyu hakunyamaza. Alizitoa karatasi zile zikawafikia Wabunge. Basi akakamatwa, akafukuzwa kazi, akaenda kujikalia Mombasa. Tume ya kuchunguza mambo hayo iliundwa mwaka 2003, na mwaka 2004 yeye mwenyewe alipewa tuzo kwa uaminifu wake. Kazi yake hakurudishiwa. Alikufa mwaka 2006, naye ni maskini.

Sasa karani mwingine, aliyekaa mezani pake na kuona karatasi za namna hiyo, alijifunza nini? Wakubwa wanapouliza kwa nini raia hawaleti habari, jibu ni hilo. Raia hutazama yule aliyesema jana ametendewaje.

Sheria zipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, yampa kila mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Sheria ya mwaka 2016 yaiamuru ofisi kumjibu mwenye kuomba habari hizo kwa siku 21. Watu wachache sana twajua jambo hili, hata hapa chamani. Ombeni, ndugu, na mwombe kwa barua, mkaweke nakala.

Sisi tulio relini twajua imani hutoka wapi. Dereva wa gari la moshi usiku haoni maili kumi mbele yake. Aenda kwa kuamini ishara, na neno la mtu wa stesheni asiyemwona uso. Amwamini kwa sababu kila gari lipitalo huandikwa kitabuni pamoja na saa yake, na aliyekosea huitwa akajibu, awe mkubwa awe mdogo. Kitabu kikifichwa, dereva yule hataondoka stesheni, hata ukimhubiria mchana kutwa.

Na hapa yatupasa tujitazame wenyewe. Mwaka jana tulipochanga fedha za mazishi ya mwenzetu, wanachama kadhaa waliuliza, "Hesabu iko wapi?" Sisi wa kamati tulikasirika, tukaona twatukanwa. Kumbe walikuwa na haki. Fedha zilikuwa salama, lakini hesabu haikusomwa kwa miezi mitatu. Na mtu atajuaje kuwa ziko salama? Kwa uso gani tungeiambia Serikali ifungue vitabu vyake?

Kamati imekata shauri mambo mawili. Mwanachama yeyote atakayeitwa kueleza rushwa aliyoiona kazini, hatakwenda peke yake: wajumbe wawili wa kamati watafuatana naye, na akisimamishwa kazi kwa sababu hiyo, shauri lake litakuwa shauri la chama. La pili, kila Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara, tangu saa mbili asubuhi hata saa sita, Mweka Hazina atakaa ofisini, kitabu cha hesabu kikiwa wazi mezani. Njoni na risiti zenu mkalinganishe. Asiyejua kusoma aje na mtoto wake wa shule.