Nkosi wa Mwisho

Huenda kiwandani au ofisini kwako yuko mtu aitwaye Gama. Mwulize kwao wapi. Akijibu Songea, basi jina lake ni la ukoo uliowahi kutoa watawala walioitwa Nkosi, yaani mfalme.

Cheo hicho hakikuzaliwa Ruvuma. Kilitoka kusini mwa Afrika pamoja na Zwangendaba, aliyefariki Ufipa katika miaka ya 1840. Wafuasi wake walitawanyika, na waliofika Songea waliunda falme mbili, Njelu na Mshope, kila moja na Nkosi wake, na chini yake manduna, ambao ndio wakuu wa vita.

Tusiusifu mno ufalme huo. Mmatengo atakueleza jinsi mababu zake walivyoikimbia mikuki ya Wangoni wakapanda milima ya Mbinga. Huko, kwa kubanwa kwenye miteremko, walilima kwa ngolo, mashimo yanayozuia mvua isichukue udongo, nayo yangali yakilimwa. Mkubwa waliyemtii kila siku alikuwa babu, aliyekula pamoja na wana na wajukuu katika sengu. Hapo chakula kiligawanywa na ugomvi ukasuluhishwa. Hata wavuvi wa mwambao wa Ziwa Nyasa hawakusalimika na uvamizi huo.

Kisha ikaja vita ya Majimaji. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani walimnyonga Nkosi Mputa Gama wa Njelu mjini Songea, pamoja na wenzake wengi. Chabruma wa Mshope alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji, wala hakurudi.

Waingereza waliona nafuu kutawala kwa mkono wa machifu. Mfumo wa Gavana Donald Cameron, uliowekewa sheria mwaka 1926, uliwapa mahakama, hazina ndogo na mshahara. Kwa maoni yangu, cheo kilikufa hapo: Nkosi aliyepokea ng'ombe wa mateka sasa alisubiri mwisho wa mwezi, kama wewe na mimi, naye akawatoza kodi watu wake kwa niaba ya mgeni. Sheria ya mwaka 1963, iliyofuta uchifu Tanganyika, ilizika maiti iliyokwisha kupoa.

Jina la Nkosi bado husikika katika sherehe za kimila, bila mahakama wala hazina. Na mji? Haukuitwa kwa jina la Nkosi yeyote. Unaitwa kwa jina la nduna, Songea Mbano, aliyenyongwa siku chache baada ya bwana wake.