Mlichukua Ardhi, Chukueni na Watu

Mnakumbuka Februari 2025, Rais Ruto alipotangaza akiwa Wajir kwamba vijana wa kaunti za mpakani hawatapigwa tena msasa wa ziada ndio wapewe kitambulisho? Mitandao iliwaka. Ati tunaingiza wageni, ati ni kura za 2027. Nia ya mwanasiasa mimi siitetei, hiyo abebe mwenyewe. Lakini lile swali la "kwani hawa ni Wakenya kweli?" linanikera, juu tunaliuliza kama watu wasiojua hilo eneo lilifikaje mikononi mwetu.

Skizeni basi.

Mpaka 1925, Kismayu ilikuwa ndani ya Kenya. Ndio, hiyohiyo Kismayu ya Somalia. Mwaka 1915, vita vikiendelea Ulaya, Italia iliahidiwa kwamba ikiingia upande wa Uingereza na Ufaransa, italipwa kwa ardhi za makoloni. 1924 Waingereza wakasaini, mwaka uliofuata wakaikabidhi Jubaland. Hakuna mfugaji aliyeulizwa. Watu hawakuhama, mpaka ndio ulihama. Deni la Wazungu, likalipwa na ardhi ya watu wengine.

Upande uliobaki kwetu uliitwa Northern Frontier District. Mkoloni akaufunga: kuingia au kutoka ni kwa kibali. Halafu 1962, uhuru ukikaribia, Waingereza wakatuma tume ya watu wawili, Mnaijeria na Mkanada, waulize wananchi wanataka nini. Si wote walikubaliana, kuna jamii zilitaka kubaki Kenya. Lakini kwa Wasomali jibu lilikuwa wazi: karibu wote walitaka kujiunga na Somalia. Machi 1963 London ikaamua wabaki Kenya. Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza.

Uhuru tukapata tarehe 12 Desemba 1963. Kabla mwezi kuisha, hali ya hatari ikatangazwa huko kaskazini. Vita vya Shifta vikaenda mpaka 1967, na hizo sheria za hatari zikabaki mpaka 1991. Hapo katikati kuna Wagalla, Februari 1984: wanaume walikusanywa na wanajeshi wetu kwenye uwanja wa ndege, Wajir. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Manusura wanahesabu kwa mamia na zaidi. Na 1989 Wasomali wa Kenya wakaamriwa wasajiliwe upya na kubeba kadi yao spesheli, ya pinki.

Sasa angalieni hiyo hesabu. Walipotaka kuondoka, tuliwaambia hapana, nyinyi ni Wakenya, na tukatuma jeshi kuwathibitishia. Walipokuja kuchukua kitambulisho, tukawaambia ngoja kwanza, leta kitambulisho cha babu. Wasee, huwezi kula pande zote mbili. Ukimzuia mtu asitoke, umeshakubali yeye ni wa nyumba.

Najua mtasema Al-Shabaab. Hilo si jambo la mzaha, tumezika watu. Lakini mmoja wa walioshambulia DusitD2 Januari 2019 alikuwa Mkenya, mtoto wa mwanajeshi wa Kenya, jina lake halina Usomali wowote. Hakuna kamati ya wazee ingemshtukia. Mtasema pia kuna raia wa Somalia wananunua vitambulisho. Sawa, kila kitambulisho kilichonunuliwa kina ofisa aliyekiuza. Mshikeni huyo. Kwa nini msichana wa Mandera aliyezaliwa hapa akose kazi, laini ya simu na akaunti ya benki kwa sababu ya hongo ya mtu mwingine?

Mmaasai wa Kajiado ana binamu Tanzania. Mteso wa Busia ana shangazi Uganda. Mstari ni uleule wa mkoloni, lakini "rudini kwenu" naiona ikiandikiwa Wasomali tu.

Ninachotaka ni kidogo: cheti cha kuzaliwa, alama za vidole, foleni moja na masharti yaleyale, uwe wa Nyeri ama wa Elwak. Anayepinga aje kwa maoni aseme waziwazi kwamba 1963 tungewaacha waende na ardhi yao. Kama hawezi kusema hivyo, basi awaache vijana wapate kitambulisho.