Tovuti isiyofikisha barua haijakamilika

Mgeni aliye Ujerumani anajaza fomu kwenye tovuti ya nyumba ya wageni ya Jambiani: jina, tarehe ya kuwasili, idadi ya watu, kama kipo chumba cha familia. Anabonyeza kitufe, anasoma maneno yanayomshukuru na kumhakikishia kuwa ujumbe wake umepokelewa. Mwenye nyumba hapati kitu. Mgeni anasubiri, anaona amedharauliwa, anatafuta pengine pa kulala. Tovuti hiyo imemletea mwenyewe hasara ambayo asingeipata kama asingekuwa na tovuti kabisa, kwa sababu imemwambia mgeni jambo lisilo kweli kwa jina lake.

Nafanya kazi ya kukarabati tovuti za biashara ndogo hapa Unguja, na hakuna lalamiko ninalolisikia zaidi ya hili. Msimamo wangu ni kwamba fundi anayekabidhi tovuti ya namna hiyo hajamaliza kazi, hata kama picha zinang'aa na kurasa zinafunguka upesi.

Jibu ambalo wateja wengi huwa wamepewa kabla hawajanifikia ni fupi: angalia kwenye spamu. Mzee mmoja mwenye nyumba ya wageni alikuwa ameambiwa hivyo mara nyingi. Nilipomuuliza kama amewahi kukuta kitu huko, alinijibu, "Mwanangu, nimepekua mpaka nimechoka. Nyingine zimo, nyingine hazimo kabisa." Maneno yake yalikuwa kweli tupu, na yalitosha kuonyesha ubaya ulipo.

Fomu yake ilikuwa imetengenezwa ili barua itoke kwa jina la mgeni mwenyewe. Mgeni mwenye anwani ya Yahoo akiandika, seva ya tovuti ilituma barua ikidai imetoka Yahoo. Tangu Aprili 2014 Yahoo imeutangazia ulimwengu kwamba barua yoyote inayobeba jina lake, bila kutoka kwenye seva zake au kuwa na sahihi yake, ikataliwe. Mzee anatumia Gmail, na Gmail ilitii: barua hizo hazikuingia hata kwenye spamu, zilirudishwa mlangoni. Za wageni wa Gmail zilipita, ila zikatupwa kwenye spamu, ambako hufutwa zenyewe baada ya siku 30.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Kila barua iliyokataliwa ilirudi na maelezo ya sababu. Taarifa hizo zilikuwa zikiingia kwenye sanduku la akaunti ya hosti (kampuni inayohifadhi tovuti), sanduku ambalo mzee hakujua kuwa lipo na fundi wake hakuwahi kulifungua. Tulipolifungua tulizikuta zimelundikana, na chini ya nyingi kulikuwa na maneno ya mgeni yenyewe: tarehe, watoto wangapi, kama bei inajumuisha kifungua kinywa. Mzee alizisoma moja moja, kimya.

Dawa yake haikuwa ngumu. Barua itoke kwa anwani ya domeini ya nyumba yake, na anwani ya mgeni iwekwe kwenye sehemu ya kupokea jibu, ili mzee akibonyeza kujibu, jibu liende kwa mgeni. Kisha tovuti itume kupitia akaunti halisi ya barua pepe yenye nywila, kwa poti 587, badala ya kuiachia seva itupe barua yenyewe bila utambulisho. Tovuti nyingi za WordPress hutuma kwa njia hiyo ya pili mpaka mtu aibadilishe, na mafundi wengi hawaibadilishi.

Wapo wanaovilaumu vichujio vya spamu. Mimi siwezi. Utaratibu wa kutuma barua pepe ulioandikwa na Jon Postel mwaka 1982 haukuweka njia yoyote ya kuthibitisha mtumaji, kama bahasha ambayo yeyote anaweza kuandika jina lolote mgongoni mwake. Barua taka ya kwanza inayokumbukwa ilikuwa imeshatumwa tangu Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya DEC alipowatangazia kompyuta mamia ya watumiaji wa mtandao wa ARPANET kwa mkupuo mmoja. Sisi tuliozoea kupokea ujumbe wa simu unaosema "ile hela itume kwenye namba hii" tunajua mtumaji asiyethibitishwa anaweza kumfanyia nini mama aliyeko kijijini. Kwenye barua pepe, kichujio ndicho kinachomlinda mtu kama huyo. Kwa hiyo ushauri wa "angalia kwenye spamu" una madhara ya pili: unawazoesha watu kwenda kuchambua humo ambamo matapeli wamejaa, na kuziamini barua ambazo mashine ilikuwa imezishuku kwa haki.

Uthibitisho uliokosekana mwaka 1982 sasa upo, na hauuzwi. Kuna SPF, orodha unayoiweka kwenye kumbukumbu za domeini yako kutaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako. Kuna DKIM, sahihi ya kidijitali ambayo seva huiweka kwenye kila barua na mpokeaji akaihakiki. Na kuna DMARC, inayoangalia kama jina analoliona msomaji linaafikiana na uthibitisho huo, na kumwelekeza mpokeaji la kufanya lisipoafikiana. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanamtaka kila mtumaji awe walau na mojawapo ya hizo mbili za mwanzo. Anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail lazima awe na zote tatu, na malalamiko ya spamu dhidi yake yasifikie asilimia 0.3.

Kosa ninalokutana nalo sana ni la biashara iliyohamishia barua zake Google huku tovuti ikibaki kwenye hosti ya zamani. Orodha ya SPF inataja Google peke yake, kwa hiyo uthibitisho wa nafasi unaotumwa na tovuti unaonekana umetoka kwa mtumaji asiyejulikana. Fundi mwingine akija huongeza orodha ya pili kando ya ile ya kwanza, na hapo hali huwa mbaya zaidi: domeini ikiwa na SPF mbili, mpokeaji huhesabu zote ni batili. Inatakiwa moja tu, yenye majina yote ndani yake.

Kampuni za hosti nazo zina sehemu yao. Zinawaweka wateja wengi kwenye anwani moja ya intaneti, na mmoja akidukuliwa akaanza kumwaga barua taka, anwani hiyo huingia kwenye orodha za wakorofi kama zile za Spamhaus. Duka la vitenge, shule ya chekechea na ofisi ya wakili wanaotumia seva hiyo wanaadhibiwa pamoja bila kuambiwa. Kampuni inayochukua ada kila mwaka inapaswa kuwajulisha wateja wake siku hiyohiyo, na inapaswa kuwasha DKIM kwa kila domeini mpya bila kusubiri kuombwa.

Najua wapo watakaosema siku hizi watu wanaandikiana WhatsApp. Ni kweli kwa jirani yako. Wakala wa safari wa Ulaya bado anataka barua pepe, na kijana anayeomba chuo bado anasubiri kiungo cha kubadilisha nywila wakati dirisha la maombi linafungwa. Huyo hana namba ya WhatsApp ya kumwandikia mtu yeyote.

Basi nawaomba wenye biashara, kabla ya kulipa awamu ya mwisho, mkae na fundi mfanye mambo haya. Jazeni fomu yenu wenyewe kwa anwani ya Gmail, kisha kwa ya Yahoo, na muone barua zinaangukia wapi. Fungueni moja kwenye kompyuta, na kwenye menyu ya vitone vitatu mchague kuuona ujumbe asilia: Gmail itawaonyesha juu kabisa kama SPF, DKIM na DMARC vimepita au vimefeli. Mwambieni aonyeshe barua zinazokataliwa zinakwenda sanduku gani, na ni nani atakayelifungua kila wiki. Mtakeni pia tovuti ihifadhi nakala ya kila ujumbe wa fomu ndani yake, ili barua ikipotea njiani, maneno ya mgeni yabaki. Chochote kikifeli, shikilieni hiyo awamu mpaka kitengenezwe.