ELIMU YA MAUMBILE: MAWIMBI NA FAIDA ZAKE

Mtu akitupa jiwe katika bwawa la kunyweshea ng'ombe, mawimbi hutoka pale lilipoangukia yakaenda hata ukingoni. Wengi hudhani ya kuwa maji yenyewe ndiyo yaendayo. Sivyo. Jani linaloelea juu yake hupanda na kushuka, wala halifuatani na wimbi mpaka ukingoni. Kiendacho ni nguvu ya lile jiwe. Maji huipokezana tu, kama watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo za kuzimia moto: ndoo husafiri, watu hubaki.

Sauti nayo ni wimbi lipitalo hewani, na mwendo wake ni kadiri ya meta 340 kwa sekunde. Nuru huenda kilometa 300,000 kwa sekunde. Ndiyo sababu umeme huonekana kwanza, kisha ngurumo ikafuata. Tofauti hiyo humfaa sana mkulima. Auonapo umeme, na ahesabu sekunde mpaka asikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilometa moja. Zisipotimia 30, radi iko ndani ya kilometa 10, na yampasa kuacha jembe na kuingia nyumbani mara moja. Asijikinge mvua chini ya mti.

Mawimbi ya redio ni ya jamii moja na nuru, na mwendo wake ni ule ule. Hivyo redio yaweza kutangulia hatari na kuwaonya watu, kama ilivyoonekana tarehe 26 Desemba 2004. Alfajiri ya siku hiyo, kwa saa za Kenya, ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, katika Indonesia, ikayasukuma maji. Penye kina cha kilometa nne, wimbi la namna hiyo huenda kama kilometa 700 kwa saa. Ni mbio kubwa, lakini lilihitaji zaidi ya saa saba kufika pwani ya Kenya, na habari zake zilikuwa zimekwisha kufika. Wakuu wakawaondoa watu ufukoni. Katika Kenya alikufa mtu mmoja. Katika Somalia, ambako vijiji vingi havikupata onyo, walikufa karibu watu 300.

Hata hivyo, mkaaji wa pwani asingoje redio. Bahari ikikupwa ghafula, mbali kuliko desturi na pasipo wakati wake, hiyo ni dalili kwamba wimbi kubwa laja. Asishughulike na samaki waliobaki mchangani. Awaite watoto, apande mahali pa juu, wala asirudi kwa kuona wimbi la kwanza limepita, maana mara nyingine yale yafuatayo huwa makubwa zaidi.